Petroli Isiyoacha Doa

Gari likikaa mwaka mzima bila kuwashwa, kuku hulifanya nyumba. Ndivyo lilivyokuwa lori la marehemu Hermenegildi pale Kibaoni, Ifakara, nyuma ya nyumba, chini ya banda la bati alilolijenga kwa mikono yake. Jogoo alilala juu ya bodi. Tetea mmoja akachagua kutaga kwenye kiti cha dereva. Kila asubuhi Balbina, mjane wa Hermenegildi, aliwafukuza, akafuta vumbi kwa tambara, kisha akafungua mlango wa kushoto, akapanda na kukaa. Kiti cha kushoto kilikuwa chake kwa miaka thelathini na mmoja. Cha kulia hakukigusa. Akilitaka yai, alinyoosha mkono tu.

Alikaa humo mpaka jua limfikie vidole vya miguu. Siku nyingine alitamka neno moja mawili. "Mchele umepanda tena sokoni," au, "Mbwa wa jirani amezaa, saba." Halafu alinyamaza kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujibu. Aliyejibu ni jogoo.

Lilikuwa lori dogo la petroli, la zamani, na juu ya kioo cha mbele Hermenegildi alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HARAKA YA NINI. Lilisomba mpunga kutoka mashambani, ndizi kutoka Sanje, mabati na saruji kupeleka Mahenge. Wenye Fuso za dizeli walilicheka, lakini lilifika. Watoto walipokua na kutawanyika, Balbina akawa anapanda na mumewe kila safari, na humo garini alikuwa na kazi moja. Walipofika chini ya mlima wa Mahenge, penye kijito cha kwanza, Hermenegildi alisimama, akafungua boneti, na Balbina akashuka na galoni la maji.

"Mnyweshe," mumewe alisema, akimwonyesha tambara lililofungwa ubavuni mwa injini.

Balbina alimimina mpaka tambara likalowa chepechepe, wakaendelea na kilima. Kila kona kali walisimama, akanywesha tena. Hakuuliza kwa nini. Yeye aliishia darasa la nne, na mambo ya injini aliyaona kama mambo ya padre pale altareni: mwenye kazi yake anajua anachofanya, wewe itikia tu.

Hermenegildi alifariki Oktoba ya mwaka jana. Walimzika kwao, juu mlimani, mbele kidogo ya Mahenge mjini. Ndivyo alivyoagiza. "Mimi msinizike bondeni," alikuwa akisema, "nisije nikaelea na mafuriko kama gogo." Sasa mwaka ulikuwa unatimia. Katika ukoo wao, siku ya misa ya mwaka kaburi husimikwa msalaba wa kudumu, na mjane hufunguliwa kitambaa cheusi alichokifunga kichwani tangu siku ya maziko. Anayekifungua ni wifi yake. Mjane hajifungui mwenyewe.

Msalaba ulikuwa tayari. Fundi uashi aliumwaga kwa zege palepale uani, jina na tarehe zikachorwa kwa msumari kabla haujakauka, nao ukaegemezwa kwenye mpera, karibu na lori. Balbina aliviona viwili hivyo kila asubuhi, msalaba na lori, na kadiri siku zilivyokaribia alitaka jambo moja tu: huu upelekwe na lile.

Akamwambia mwanawe Beatus, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alipopiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wajukuu hawajambo?"

"Wazima. Mama, yule mtu wa chuma chakavu amenipigia tena. Analitaka kabla ya mvua."

"Mwambie bado lina kazi."

"Kazi gani mama? Linafuga kuku."

"Kumpelekea baba yako msalaba."

Balbina alisikia honi za huko mjini, nyingi, kama bata walioingiliwa na mbwa.

"Tutakodi Fuso mama. Siku moja tu, mambo yamekwisha. Lori lile hata baba akiwa hai, mwishoni lilikuwa halipandi."

"Lilipanda. Nilikuwamo."

Beatus hakuwa mtoto mbaya. Mtoto mbaya hapigi simu kila Jumapili. Alichoka tu kusikia habari za lori, na alimwonea mama yake huruma ile ya mbali, inayotaka jambo liishe upesi. Akavuta pumzi, akasema, "Basi tufanye hivi. Likifika juu na msalaba, mimi sitatamka tena neno kuuza. Likilala njiani, huyo mtu analifuata palepale lilipolala. Umekubali?"

"Nimekubali. Utakuja kuliendesha?"

"Nitajaribu mama. Kazini pamebana."

Balbina aliijua "nitajaribu" ya Beatus. Ilikuwa ni "hapana" iliyovaa shati safi.

Fundi aliyemwita alikuwa Elineema, Mpare ambaye baba yake aliletwa bondeni na kazi ya viwanda vya sukari. Ufundi aliuanzia hukohuko mashambani kwenye miwa, na sasa alikuwa na gereji yake Kibaoni. Alikuwa na maneno mengi na mikono mizuri. Alifungua boneti, akapiga mluzi.

"Mama, hii injini ni ya lini?"

"Ilinikuta nina meno yote."

"Ushauri wangu, tuitoe, tuweke ya dizeli. Inavuta kama ng'ombe wa kulimia, na mafuta yake hayana maringo."

"Nikiitoa injini kitabaki nini? Hiyo itakuwa kumvalisha mtu mwingine koti la marehemu, halafu mniambie amerudi."

Elineema alicheka, kisha akaona mama mwenyewe hacheki. "Haya," akasema. "Basi tuiongezee nguvu hii hii."

Balbina akatoa mpunga wake wa akiba, spea zikanunuliwa. Kazi ikachukua wiki tatu. Silinda zilikuwa zimeliwa, zikapelekwa Morogoro kuchongwa pana zaidi, zikarudi na pistoni kubwa na ringi zake. Valvu zikabadilishwa. Kabureta ya zamani, iliyokuwa ikivuja kama pua ya mtoto, ikatolewa, ikafungwa mpya yenye mdomo mpana. Plagi mpya, gasketi mpya, rejeta nene kuliko ya kwanza. Pampu ya mafuta tu ndiyo iliyoachwa. Elineema aliijaribu akaiona nzima, akasema kizima hakitupwi.

Wiki hizo tatu Balbina alipika ugali wa watu wawili na haukubaki. Alikaa kwenye kigoda karibu na banda akichambua mchele, akisikiliza spana zikigonga na fundi akiisema injini kama mwanamke anayemsema mume mlevi. Moyoni, ingawa hakumwambia mtu, aliomba boliti nyingine igome kidogo, kazi isiishe upesi.

Siku fundi alipoiosha injini, aliinuka ameshika kitu kwa vidole viwili, amekiweka mbali na pua.

"Mama, ona hili! Lilikuwa limefungwa kwenye pampu ya mafuta. Linanuka panya aliyeoza. Madereva wa zamani bwana, kila mahali tambara!"

Balbina alilijua. Lilikuwa pande la kitenge chake cha zamani, chenye maua ya bluu, ingawa bluu yenyewe ilikwisha kuondoka. Maneno yalimfika kwenye meno: lile hunyweshwa. Lakini Elineema angeuliza, hunyweshwa kwa nini? Na yeye angejibu nini? Mtu amechonga silinda, amefunga kabureta, umwendee na habari za kulinywesha tambara maji? Akaona haya.

"Litupe tu," alisema.

Elineema akalirusha kwenye moto wa taka. Liliwaka upesi.

Jioni ileile lori likawashwa. Liliitika mara ya pili, kuku wakaruka wakilia, na Balbina akaufunika mdomo kwa mkono. Lakini walipolipeleka barabarani na kulikanyagia mafuta, injini ikaanza kugonga, kokoko kokoko, kama mtu anayetikisa karanga kwenye kopo.

"Petroli uliipata wapi?" Balbina aliuliza.

"Kwa Faustin, hapo njia panda. Ile ya chupa."

Balbina aliingia ndani, akarudi na daftari, wakaenda kwa Faustin, kijana aliyepanga petroli mezani katika chupa za maji ya kunywa. Balbina akachana ukurasa, akadondosha tone moja katikati, akaukung'uta na kungoja. Likakauka. Likaacha duara la utelezi, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Akalinusa.

"Hii imeolewa na mafuta ya taa."

"Bibi, unaniharibia biashara," Faustin alisema, akitazama huku na huku.

"Imejiharibu yenyewe, mjukuu wangu. Mimi nimeleta karatasi tu."

Hivyo ndivyo alivyofanya Hermenegildi miaka yote, bila haya, hata kwenye vituo vikubwa, watu wakipiga honi nyuma yake. Kesho yake Balbina alimzungusha Elineema Ifakara nzima, tangini mkiwa na mabaki tu ya petroli ya Faustin. Kituo cha kwanza tone liliacha duara jepesi la manjano. Cha pili walikuta gari la mafuta linashusha, Balbina akakataa hata kushuka. "Siku wanamwaga, usinunue," alisema. "Uchafu wa chini umeamka. Ngoja ulale."

"Mama, hayo nani alikufundisha?"

"Hakunifundisha. Alikuwa anasema, na mimi nilikuwa nimekaa hapo."

Cha tatu kilikuwa na dada mmoja, Mwanasha, mwenye hijabu ya kijani na kicheko cha karibu.

"Shikamoo bibi. Karatasi ya nini, unataka kuandika barua?"

"Marahaba. Imekwisha andikwa, nimekuja kuisoma. Nidondoshee hapa."

Mwanasha akadondosha. Walitazama wote watatu. Tone lilitanuka, likapungua, na kabla Balbina hajahesabu kumi halikuwapo. Karatasi ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka dukani.

"Umeona? Imepaa!" Mwanasha alisema kwa fahari, kana kwamba ameipaisha yeye.

"Jaza," Balbina alisema.

Aliendelea kuitazama ile karatasi wakati tangi likijazwa. Hermenegildi alikuwa na msemo wake: nzuri haikai, Balbina, ikikaa ujue ina kitu. Alikuwa akiusema huku anakunja karatasi na kuiweka mfukoni. Balbina naye akaikunja yake, akaiweka kifuani.

Siku ya safari Beatus alipiga simu mapema. Kazini pamebana. Mchango wake ametuma. Balbina akamwambia asihangaike, afya kwanza. Kisha akakata simu na kusimama nayo mkononi mpaka skrini ikazima.

"Nitaendesha mimi," Elineema alisema. "Kazi yangu, nataka niisikie ikiimba. Likinishinda nitalishusha kwa mikono."

Wanaume wanne wa jirani wakapakia msalaba, wakaulaza juu ya majani ya migomba, wakaufunga kamba. Mifuko miwili ya saruji ikafuata. Balbina akapanda kushoto, na kwa mazoea tu akaweka galoni la maji katikati ya miguu yake. Elineema alipoketi kulia, Balbina aligeuza uso dirishani. Aliuacha hivyo mpaka Kivukoni, kwenye mto.

Misa ilikuwa saa nane mchana. Zamani ungengoja pantoni nusu siku, ukala samaki ukalala, ukaamka bado unangoja. Sasa daraja lilikwisha kabla Balbina hajamaliza Salamu Maria ya pili. Chini mto ulikuwa umepungua, mchanga umetoka nje. Wakapita Minepa, mashamba yamebaki mabua, ng'ombe wametawanyika humo, vumbi linaingia hata kwenye meno. Wakapita Lupiro. Injini ilivuma sauti moja tu, nene, haikugonga hata mara moja.

"Unasikia mama? Unasikia?" Elineema alipiga usukani. "Hiyo ndiyo pistoni mpya! Mzee angekuwapo!"

"Angekuwapo angekwambia upunguze mwendo."

Wakakifikia kijito cha chini ya mlima. Wanawake wawili walikuwa wakifua. Balbina akashika mpini wa galoni.

"Hapa tulikuwa tunasimama."

"Kufanya nini?"

"Kunywesha."

"Rejeta ni mpya mama, imejaa tele," Elineema alisema, akabadili gia, na kijito kikabaki nyuma.

Mwanzo lilipanda vizuri mno. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, Elineema akaanza kuimba. Jua lilikuwa limefika utosini na barabara ilikuwa nyeupe kwa joto. Kwenye kona ya nne lori likakohoa. Likavuta, likakohoa tena, likatetemeka mwili mzima na kuzima. Elineema akavuta breki, akaruka, akaweka jiwe nyuma ya tairi. Kukawa kimya. Injini ilitoa sauti ndogo, tik, tik.

Alijaribu kuwasha mara tano. Akafungua boneti, akachomoa mpira wa mafuta kabla ya kabureta, akamwomba Balbina azungushe ufunguo. Ilitoka pumzi, fss, na mapovu machache. Petroli haikuja.

"Tangi limejaa, pampu nzima, na mafuta hayafiki," alisema, jasho likimchuruzika. "Mchawi nani? Ni hiyo petroli yako mama. Ile ya Faustin iligonga lakini ilitembea!"

Balbina alikuwa akiutazama msalaba kule nyuma. Ulikuwa umelala chali, na jina la mumewe lilitazama mbinguni. Akamwona mtu wa chuma chakavu akifika hapa kwenye kona na mashine yake ya kukatia. Angeanzia wapi? Angeanzia mlango wa kushoto au wa kulia?

Fuso likatokea chini, likanguruma hadi likawafikia, likasimama. Dereva wake, Msukuma mnene aliyejitaja kuwa Seni, alitoa kichwa, akasoma maandishi juu ya kioo, akacheka mpaka akakohoa.

"Haraka ya nini! Kweli, hamna haraka hata kidogo. Shikamoo bibi. Poleni. Huo msalaba wa nani?"

"Marahaba. Wa mume wangu. Misa saa nane."

Seni akaacha kucheka. Akatazama saa. "Basi tuuhamishie kwangu. Nina nafasi, na wewe panda mbele. Utawahi. Hili litavutwa kesho."

Alisema kwa wema, na wema ule ndio ulioumiza. Msalaba ungefika, misa ingesomwa, hakuna ambaye angemlaumu. Lori tu ndilo lingebaki hapa, na mapatano ni mapatano.

"Nipe Baba Yetu tatu," Balbina alisema.

"Sali hata tano bibi. Nami nipumzike."

Balbina akaenda kwenye boneti. Joto lilimpiga usoni kama la jiko la maandazi. Elineema alikuwa bado ameushika ule mpira wa mafuta, na tone moja likadondoka kwenye chuma. Halikufika hata kutanuka. Lilitoweka kwa mlio mdogo.

Balbina akasahau amefika wapi katika Baba Yetu. Akatoa ile karatasi kifuani, akaifungua, nyeupe.

"Fundi. Petroli nzuri hupaa?"

"Ndiyo mama, wewe ndiye ulinionyesha."

"Kwenye karatasi baridi ilipaa sijahesabu kumi. Sasa humo ndani, penye moto wote huo?"

Elineema akamtazama. Polepole akaweka mkono kwenye pampu ya mafuta, akauondoa haraka akiutikisa. "Inachemka," akasema. "Inachemka humu kabla haijafika. Inakuwa mvuke, na pampu inasukuma mvuke mtupu. Na injini hii sasa ina nguvu, ina joto kuliko zamani..." Akaitazama tena pampu. "Lile tambara."

"Lile."

"Nililolichoma."

"Lile lile."

"Sasa mama, mbona hukuniambia?"

"Wewe ni fundi, mwanangu. Mimi nilikuwa mnyweshaji tu."

Elineema akaanza kuvua fulana yake, lakini ilikuwa jezi ya nailoni, maji yangeteleza juu yake. Matambara ya Seni yalikuwa yameshiba grisi. Balbina aliwaona wanahangaika. Akapandisha mikono yake miwili nyuma ya kichwa, akalitafuta fundo.

"Hicho hapana!" Elineema alisema. "Mama, hicho ni cha msiba. Hujafunguliwa."

"Nimemvalia nani?"

Elineema akageuka, akautazama msalaba kule nyuma.

"Basi na gari hili ni la kwake."

Fundo lilikuwa la mwaka mzima na vidole vilikuwa vya miaka sitini na nane. Lilichelewa. Kitambaa kilipotoka, upepo ulipita kwenye mvi zake fupi na Balbina akahisi baridi, kwenye jua lile. Alimimina maji ya galoni juu ya kitambaa, pamba nzito, kikanywa kikazidi kuwa cheusi. Elineema akakizungusha kwenye pampu na bomba lake, akakaza. Mvuke ukapanda. Wakangoja. Seni alivua kofia yake bila kuambiwa.

Mara ya pili ya ufunguo, lori likaitika.

Walipanda mlima uliobaki kwa mwendo wa harusi, Fuso likifuata nyuma. Seni alisema ataendelea na safari yake akishaona wamefika. Kila kona kali walisimama, Balbina akashuka na galoni. Yalipokwisha maji yake alipewa ya Seni. Kwenye kona moja alichelewa kushuka, mgongo ulikuwa umeshika, na Elineema, macho yake kwenye kipimo cha joto, akasema bila kugeuka:

"Mnyweshe, mama."

Balbina akasimama na mkono kwenye mlango. Neno lilikuwa lile, sauti ilikuwa nyingine. Akashuka, akanywesha.

Walifika saa nane na robo. Padre alikuwa bado anavaa. Lakini wanawake wa ukoo walipomwona Balbina anashuka, mazungumzo yalikatika. Restuta, dada wa marehemu, mwanamke mwenye sauti ya kengele, akaja mbele.

"Wifi! Kichwa wazi? Nani amekufungua?"

"Sijafunguliwa wifi. Nimemwazima kaka yako kitambaa. Njoo uone."

Akamshika mkono, akampeleka kwenye boneti. Kitambaa kilikuwa pale, kimekumbatia pampu, kinafuka. Restuta alitazama. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda hakuna aliyejua analia au anacheka.

"Huyu kaka yangu!" akasema. "Hata amekufa bado anataka kupepewa!"

Kisha akakunja mikono ya gauni lake, akainama, akakifungua yeye mwenyewe kutoka kwenye injini, maana desturi ni wifi afungue, na haisemi kiwe kimefungwa wapi. Aliungua kidole kimoja. Msalaba uliposimamishwa, wakakikunja na kukizika kwenye zege bichi, kwenye shina lake, kikiwa bado kinanuka petroli.

Jioni Balbina akapata mtandao nyuma ya nyumba ya shemeji.

"Limefika," alimwambia Beatus.

"Na msalaba?"

"Na msalaba."

"Hongera mama. Nilisema sitasema tena, na sitasema."

"Ahsante baba."

Alingoja. Alidhani ataulizwa barabara ilikuwaje, nani alisoma neno, amekula nini. Alikuwa amelipanga jambo zima la kitambaa, kona kwa kona, ili amsimulie.

"Haya mama, tutaongea Jumapili," Beatus alisema.

Asubuhi waliondoka kukiwa na ukungu. Restuta alikuwa amemfunga kitenge kipya kichwani, chenye maua mekundu, kigumu bado kwa wanga wa dukani. Bodi ilikuwa tupu na iliruka kwenye mashimo. Kuteremka hakuna shida. Injini ilijishikilia tu, baridi, haikuomba kitu. Balbina aliweka mikono mapajani, akaitoa, akairudisha.

Elineema alikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Alieleza kona zote saba. "Tukifika tu nakufungia pampu ya umeme, kulekule nyuma kwenye tangi, mbali na moto. Itasukuma petroli ya baridi. Hutalowesha kitambaa tena maisha yako mama. Utakaa hivyo hivyo kama bibi harusi."

"Ni vizuri," Balbina alisema.

Wakapita ile kona ya nne. Jiwe lao lilikuwa bado pale pembeni.

"Hiyo pampu," alisema baada ya kitambo, "haina haraka."

Kijito kilipoonekana akainama, akashika galoni tupu.

"Simama hapa."

"Injini imepoa mama, weka mkono uone. Na tunateremka."

"Najua. Simama."

Elineema akasimama. Balbina akashuka polepole, akakanyaga mawe anayoyajua, akalizamisha galoni kwa ubavu mpaka likaacha kutoa mapovu. Akanawa uso. Akarudi, akapanda kushoto, akaliweka galoni katikati ya miguu yake na kufunga mlango.

Maji yalicheza humo ndani, chwa, chwa, mpaka Lupiro.